Makaa ya mawe huchakaa kabla ya kufika tanuruni

Katika hadiwea za Suneka, kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, nondo, misumari na mabati hutoka kila siku. Karibu asilimia 70 ya chuma kinachotengenezwa duniani hupatikana kwa msaada wa makaa ya mawe, na si makaa yoyote tu. Yanatakiwa yale yanayoweza kugeuzwa kuwa koki.

Koki hutengenezwa kwa kuyapasha makaa moto wa nyuzi 1,000 au zaidi bila kuyapa hewa. Yakifika kati ya nyuzi 350 na 500, makaa mazuri hulainika, hufura na chembe zake hushikana, mithili ya unga unaosongwa ugali. Kisha huganda kuwa bonge gumu lenye vitundu. Bonge hilo lina kazi tatu katika tanuru la chuma: kutoa joto, kutoa kaboni monoksidi inayonyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake, na kuubeba mzigo ulio juu ili gesi ipate njia ya kupita. Kazi ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Koki dhaifu husagika, njia za gesi huziba, na tanuru zima huyumba.

Adui wa makaa haya ni hewa tunayoivuta. Tangu yachimbuliwe, oksijeni hung'ang'ania uso wa kila chembe na kujenga viunganishi vipya kati ya molekuli. Molekuli zilizofungamana hivyo haziyeyuki zinapopashwa moto. Linalopotea kwanza ni ule ulaini, na unaweza kushuka sana ndani ya majuma machache ilhali kipimo cha jivu hakijabadilika. Kwa macho, lundo ni lile lile jeusi. Anayenunua kwa kutazama jivu na rangi pekee anajidanganya.

Makaa yakichakaa zaidi, hata joto lake hupungua. Uso wake huanza kupenda maji, hivyo kuyasafisha kwa povu kiwandani huwa kazi kubwa. Koki yake nayo huvunjika upesi na kuliwa haraka na gesi ya kaboni dioksidi ndani ya tanuru.

Mfano wa karibu uko Msumbiji. Mgodi wa Moatize mkoani Tete, uliofunguliwa na kampuni ya Vale mwaka 2011, hutoa makaa ya koki. Kutoka hapo, reli yenye urefu wa kilomita 900 hivi hupitia Malawi hadi bandari ya Nacala, na meli huendelea na safari. Siku za kungoja mgodini, bandarini na kwenye ua wa mnunuzi, katika hali ya joto na mvua, zote ni siku za kuoksidishwa. Ndiyo sababu wasimamizi hodari hushindilia malundo kuzuia hewa isipenye, na hutumia kwanza yale yaliyotangulia kuchimbwa. Nchini Tanzania, kwenye mradi wa Mchuchuma ulioambatanishwa na chuma cha Liganga huko Ludewa, somo ni hilo hilo: makaa yanayojitokeza juu ya ardhi yamepigwa na hewa kwa karne nyingi, hivyo sampuli ya kuaminika hutoka chini kwa kuchoronga.

Kuna pia hatari ya moto. Uoksidishaji wenyewe hutoa joto, na katikati ya lundo kubwa joto hilo halina pa kutokea. Likijikusanya, lundo hujiwasha bila kiberiti. Migodini, dalili ya mapema inayofuatiliwa ni kaboni monoksidi kuongezeka hewani.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Makaa ya miti yanayowaka kwenye hewa haba huitoa pia. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili zake za awali, na aliyelala huenda asiamke. Usiku wa baridi katika nyanda za Kisii na Nyamira, jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata kama moto wake unaonekana umekwisha.