Gari la Stima Safarini: Uliza Kabla ya Kulipa

Umetoka Nairobi kwenda kuona wazee Kiminini. Ukifika Eldoret, betri iko chini, na yadi moja ya magari inakubali uchaji hapo. Usichomeke waya bado. Uliza kwanza: mnauza kwa yuniti au kwa saa? Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa takriban yuniti 3 kwa saa. Mashine ya kilowati 7 hutoa 7. Bei ya saa ikiwa ileile, kwa soketi utalipa zaidi ya mara mbili kwa stima ileile. Mkishaelewana, soma jina la tili kabla ya kuweka PIN, na usifute meseji: hiyo ndiyo risiti yako. Safari njema, wasalimie wazee!