Vidole vya Gould, Masikio ya Pemba

Wapenzi wa taarabu wa Pemba wana kipaji ambacho wenyewe hawakihesabu kuwa kitu. Redio ikifunguliwa barazani, Wete au Chake Chake, ganuni ikishalia mara mbili tatu, mtu atakwambia ni kikundi gani na pengine ni nani anayepiga, mwimbaji hata hajafungua kinywa. Muulize kajuaje. "Huo mkono wake, bwana." Barazani jibu hilo linatosha. Wanasayansi halikuwatosha, na kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakiutafuta huo mkono: umejificha wapi ndani ya sauti, na unapimika vipi?

Kati ya wapiga piano waliowahi kurekodiwa, wachache wana mkono unaotambulika haraka kama Glenn Gould, Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1932 na kufariki huko huko mwaka 1982. Alijulikana kwa muziki wa Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa tangu karibu mwaka 1600 hadi 1750, hasa kazi za Mjerumani Johann Sebastian Bach. Juni 1955, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia studio ya kampuni ya Columbia jijini New York akarekodi Goldberg Variations. Kazi hiyo, iliyochapwa mwaka 1741, inafunguliwa na wimbo mtulivu uitwao Aria, kisha vinafuata vipande 30 vilivyojengwa juu ya besi ya wimbo huo, halafu Aria inapigwa tena. Gould aliimaliza kwa dakika 38 na nusu hivi.

Mwaka 1981 alirudi studio ile ile kurekodi kazi ile ile. Safari hii alitumia dakika 51. Baadhi ya dakika zilizoongezeka ni za marudio aliyoyaruka mwanzo, lakini mwendo wenyewe nao ulibadilika: Aria ya ufunguzi ilichukua dakika 1 na sekunde 53 mwaka 1955, na dakika 3 na sekunde 5 mwaka 1981. Kwa saa ya ukutani hizi ni kazi mbili. Kwa sikio ni mtu mmoja, na hata asiyejua kusoma noti huligundua hilo baada ya muda mfupi. Basi kasi siyo mkono. Kama mkono ungekuwa kasi, Gould wa 1981 angekuwa mgeni kwa Gould wa 1955.

Mambo matatu tu

Tuiangalie piano kwa ndani. Kidole hakigusi uzi. Kinabonyeza kibonyezo, kibonyezo kinasukuma wenzo, na wenzo unairusha nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufi iliyoshindiliwa. Milimita chache kabla ya kuufikia uzi, nyundo inaachiwa kabisa. Sehemu hiyo ya mwisho inakwenda yenyewe, kama jiwe lililokwisha toka mkononi. Inaugusa uzi kwa milisekunde chache, yaani elfu chache za sekunde, kisha inaruka kurudi nyuma. Mpigaji akiendelea kukikandamiza kibonyezo kwa huzuni au kwa mapenzi, uzi haupati habari.

Kwa hiyo, pedali ya mguuni tukiiweka kando, kwa kila noti mpiga piano ana maamuzi matatu tu. La kwanza ni lini nyundo ipige. La pili ni iende kwa kasi gani. Nyundo ya kasi huibana sufi yake ikawa ngumu zaidi, na mlio hautoki mkubwa tu, unatoka mkali pia. La tatu ni lini kibonyezo kiachiwe, kwa sababu kikiachiwa tu, kipande cha sufi hushuka juu ya uzi na kuuzima.

Wapigaji wengi hutumia nguvu zao kwenye mawili ya mwanzo. Gould alilitawala la tatu. Kwenye Bach aliigusa pedali kwa nadra, akawa anaachia noti mapema, moja moja, kila moja ikiwa na mwanzo wake na mwisho wake. Mwalimu wake, Alberto Guerrero kutoka Chile, alimfundisha zoezi moja la taratibu sana. Mkono mmoja unalazwa juu ya vibonyezo umelegea, mkono wa pili unakigonga kidole kimoja mpaka kibonyezo kishuke, kisha kidole kinaachwa kirudi chenyewe. Zoezi hilo humzoesha mwanafunzi kupiga kwa kidole bila kulihusisha bega. Gould alikalia kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu, kimo chake kiasi cha sentimita 35 tu kutoka sakafuni, akawa anavifikia vibonyezo kwa chini badala ya kuviangukia kwa juu. Kwa mkao huo ni taabu kutoa mlio mzito wa kutikisa ukumbi. Ni rahisi kuhesabu noti, kila moja na zamu yake.

Ala iliyokuja kwa njia mbili

Bach hakuiandika kazi hii kwa ajili ya piano. Aliiandikia hapsikodi yenye safu mbili za vibonyezo. Ndani ya hapsikodi hamna nyundo. Kila kibonyezo kinapandisha kijiti chenye ncha ya unyoya wa ndege, na unyoya huo unaukwanyua uzi. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti inatoka karibu ile ile. Mpigaji ananyang'anywa kasi ya nyundo, anabakiwa na lini kuanza na lini kuacha.

Hapo msikilizaji wa Pemba yuko nyumbani. Hapsikodi ni ndugu wa ganuni. Zote zina asili ya sanduku bapa lililotandazwa nyuzi na kukwanyuliwa. Ulaya walilitia vibonyezo. Misri, Uturuki na Sham waliendelea kulikwanyua kwa mkono. Masimulizi ya Zanzibar yanaeleza kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Bach mwenyewe hayuko mbali nasi kwa wakati kama inavyodhaniwa. Alikuwa na miaka 13 pale Waomani walipowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Desemba 1698. 

Ganuni kwa kawaida ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti. Mpigaji huvaa pete kwenye kidole cha shahada cha kila mkono na kuchomeka risha baina ya pete na kidole. Upande mmoja wa sanduku umewambwa ngozi, na juu ya ngozi ndipo daraja la nyuzi linaposimama. Masika yakiingia, ngozi hunywa unyevu ikalegea, daraja likazama kidogo, nyuzi zikashuka. Ndiyo maana kabla ya shughuli mpigaji huonekana ameinama kwa muda mrefu na ufunguo wake, anakaza uzi baada ya uzi.

Tofauti kubwa baina ya ndugu hawa iko mwishoni mwa noti. Hapsikodi huzima uzi kibonyezo kikiachiwa. Ganuni haina cha kuzimia. Uzi unalia mpaka uchoke, au mpigaji aufunike kwa kiganja. Ganuni inajulikana kwa wepesi wa mwanzo wa noti, na noti zinazotangulia zinabaki zikining'inia nyuma ya zinazofuata. Gould aliipa piano ile ncha kali ya mwanzo inayopatikana kwenye nyuzi za kukwanyua, akaiondolea mwangwi. Aliyelelewa na ganuni atausikia udugu mwanzoni mwa kila noti, na ugeni mwishoni mwake.

Kuupima mkono

Sikio la binadamu ni kipimo kikali kuliko tunavyolipa sifa. Mwaka 1995 Anders Friberg na Johan Sundberg wa Stockholm walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba katika mfululizo wa mapigo ya haraka yaliyo sawa, mtu anaweza kugundua pigo lililosogezwa kwa milisekunde 6 hivi. Ndani ya nafasi hiyo ndogo ndimo mkono unamofanya kazi.

Bruno Repp, aliyekuwa mtafiti wa Maabara ya Haskins nchini Marekani, alipima noti kwa noti rekodi 28 za kipande kimoja cha Robert Schumann, zilizopigwa na wapiga piano 24 mashuhuri. Aligundua kwamba wote hupunguza mwendo mahali pale pale, hasa sentensi ya muziki inapokatika. Wanachohitilafiana ni kiasi: nani anakawia zaidi, nani anaanza kukawia mapema, nani anarudi kwenye mwendo ghafla. Baadaye Repp alifanya jaribio jingine la ajabu. Alichanganya upigaji wa watu kadhaa akapata wastani wao, kisha akauchezesha kwa kompyuta. Wasikilizaji waliupa wastani huo alama za juu kwa uzuri, na za chini kwa upekee.

Jaribio hilo linaeleza kwa nini Gould hakuwahi kupendwa na wote. Wastani unapendeza kwa sababu hauna kona za kumkwaruza mtu. Gould alikuwa na kona tupu. Alipiga kwa haraka vipande ambavyo wenzake walivitembeza, akavitembeza walivyovikimbiza, na juu ya yote akawa ananguruma wimbo chini kwa chini huku akipiga, mngurumo ambao mafundi wa studio hawakuweza kuuondoa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Je, lazima mtu awe amesoma muziki ili autambue ubawa huo? Utafiti wa Bruno Gingras na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapa watu rekodi za wapiga ogani mbalimbali ili wazipange kwa mpigaji. Wasiosoma muziki walifanya vizuri kama wanamuziki. Kilicholeta tofauti ni mpigaji: aliyeweka mengi yake ndani ya noti alitambulika kwa urahisi zaidi. Mzee wa barazani ana ushahidi wa maabara upande wake.

Mkasi, kompyuta na anga

Gould aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akabaki na studio. Kwake rekodi haikuwa picha ya onyesho. Ilikuwa kazi yenyewe. Mwaka 1966 alieleza kwa maandishi jinsi alivyorekodi mara kadhaa fuga moja ya Bach (kipande ambacho sauti huingia moja baada ya nyingine zikirudia wimbo ule ule), akapata mbili zinazofaa, moja ya noti zilizoungana na nyingine ya noti zilizokatwa. Kila moja ilichosha ikisikilizwa peke yake. Kanda zikakatwa na kuunganishwa: mwanzo na mwisho kutoka moja, katikati kutoka ya pili. Msikilizaji hasikii kiungo, kwa sababu mkono ni mmoja.

Mwaka 2006 kampuni ya Zenph ya Marekani ilikwenda mbali zaidi. Programu yake ilichambua rekodi ya 1955 na kukadiria kila noti ilianza lini, nyundo ilikwenda kwa kasi gani na kibonyezo kiliachiwa lini. Yale maamuzi matatu yakageuzwa kuwa takwimu, zikapewa piano inayojipiga, na hadhira ya Toronto ikasikiliza vibonyezo vikishuka bila mtu kitini. Kama mkono ungekuwa na siri ya nne ndani ya noti, takwimu zile zisingefua dafu.

Rekodi nyingine ya Gould, prelude na fuga ya Bach, ilirushwa angani mwaka 1977 ndani ya santuri iliyopakwa dhahabu ya vyombo viwili vya Voyager. Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na mtafiti Colin Turnbull katika Kongo. Gould na wasichana hao wamo ndani ya santuri moja, na vipimo vilevile vinaweza kuwahudumia wote.

Sisi tumebaki nyuma katika kuvitumia. Santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, zilichukua dakika tatu hivi kila upande. Wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha ulilazimika kuingia humo, na mpiga udi alilazimika kuamua cha kubakisha na cha kuacha. Tukipima wapi alikawia na wapi alikimbia, tutajua mengi kuhusu wapigaji wale ambayo maneno ya nyimbo hayatuambii.

Kazi hiyo haihitaji maabara. Programu ya bure kama Audacity huchora mawimbi ya sauti kwenye kompyuta ya kawaida. Chukua wimbo mmoja wa taarabu uliorekodiwa na wapiga ganuni wawili, utenge utangulizi wa ganuni peke yake, kisha pima umbali kutoka mwanzo wa noti moja hadi mwanzo wa ile inayofuata. Fanya hivyo kwa noti 20 za kila mmoja, uzipange kwa safu mbili. Safu hizo hazitalingana. Pale zinapoachana kwa milisekunde 20 au 30, rudi usikilize tena, maana hapo ndipo mpigaji alipoweka kitu chake.