Mshipa wa kichwa unapasuka, sisi tunatafuta mulozi

Kijana wa miaka 28 anatoka shimoni, kichwa kinamuuma kama kinapasuliwa, anatapika, anaanguka. Jua halijazama, amekufa. Hapa Kindu, na kule Kalima, Kailo ao Namoya, matanga ya namna hii tunayajua. Kinachofuata pia tunakijua: mulozi anatafutwa, na mara nyingi anayetajwa ni mama mzee ao mjane.

Ndugu wachimbaji, kuna kasoro ya mishipa ya ubongo inayoweza kuua hivyo bila mkono wa mutu. Damu inatoka moyoni kwa nguvu katika ateri, inapita katika vimishipa vyembamba kuliko nywele vinavyopunguza ile nguvu, ndipo inaingia katika veni na kurudi. Kwa watu fulani, mahali fulani ndani ya ubongo, vile vyembamba havipo. Ateri inamwaga damu moja kwa moja katika veni, ambayo ukuta wake ni dhaifu. Ni kama kufunga mpira wa motopompe kwenye mpira wa baiskeli. Unaweza kushika miaka 40, unaweza kupasuka leo. Wengine wanaanza na kifafa, wengine hawana alama yoyote.

Sasa, mshipa huo ukionekana mapema, uguswe ao uachwe? Huko Scotland, tangu 1999, madokta walianza kuandika kila mtu mzima aliyepatikana na kasoro hiyo katika nchi nzima, wakawafuata mwaka kwa mwaka. Mwaka 2014 walitoa habari za watu 204 ambao mshipa wao haukuwa umevuja. Watu 103 walitibiwa kwa kisu, kwa mionzi ao kwa kuziba mshipa. 101 mshipa wao haukuguswa. Katika miaka 12, waliopigwa na kiharusi ao kufa kwa sababu ya mshipa ao ya matibabu yenyewe walikuwa 38 kwa waliotibiwa, 14 kwa walioachwa. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo madokta bado wanabishana. Na mshipa uliokwisha kuvuja ni mambo mengine kabisa.

Mtasema Scotland wana mashini ya kupiga picha ubongo. Kweli, bila picha huwezi kujua kama ni kasoro hii ao ni tansio, na tansio ndiyo inaua wengi zaidi. Lakini kuhesabu hakungoji mashini. Jirani zetu wa Tanzania, kati ya 2003 na 2006, walihesabu watu waliopigwa na kiharusi katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Mtu akifia nyumbani, familia iliulizwa namna alivyoanguka. Walipata 636.

Kwetu, PDG wa shimo anajua kilo ngapi zimetoka. Nani ameanguka, umri gani, kichwa kilianza lini, alikuwa na kifafa, tansio ilipimwa ngapi: hiyo haiandikwi. Sisi wa sendika tunataka mareko wa kila chimbo waandike hayo, kaye moja iende zone ya afya, nyingine ibaki kwetu. Kwa miaka kumi, si kwa mwezi mmoja wa mradi.

Na tangu leo: kichwa kikiuma ghafla kuliko siku zote, pamoja na kutapika, shingo kukakamaa ao upande mmoja kulegea, musimpe aspirini, musimwambie alale kwanza. Pikipiki itafutwe, hata usiku. Pesa itoke kwenye kasha la shimo. Nani atairudisha, tutabishana kesho.