Kamera za Kutegesha Katika Misitu ya Udzungwa

Nyumbu wa Serengeti huweza kuhesabiwa kwa ndege, lakini katika misitu ya milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania, ambako wanyama wengi ni waoga na baadhi yao hutembea usiku tu, macho ya mtafiti hayafiki mbali. Kwa sababu hiyo hutumiwa kamera za kutegesha, yaani kamera zinazofungwa kwenye shina la mti, kando ya mapito ya wanyama, na kuachwa zijifyatue zenyewe pindi kihisi kilichomo ndani yake kinapotambua mwendo wa kitu ambacho joto lake latofautiana na la mazingira.

Mwaka 2005 kamera za namna hiyo zilinasa, katika msitu wa Ndundulu, picha za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, ambaye uso wake wa kijivu na kiuno chake cheusi havikufanana na vya sange yeyote aliyejulikana. Picha peke yake haikutosha kumthibitisha. Mwaka uliofuata watafiti, miongoni mwao Francesco Rovero na Galen Rathbun, walimfuata msituni, wakamkamata na kumpima, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa takriban gramu 700, akiwazidi sange wote.

Hata hivyo, ugunduzi wa aina hiyo ni nadra, na kazi yenye manufaa zaidi ni ile ya kurudia: kuanzia mwaka 2009, kamera zilitegeshwa katika vituo 60 vya Udzungwa, kila kimoja kwa siku zipatazo 30 za kiangazi, kisha zikarudishwa palepale miaka iliyofuata, ili mabadiliko yaonekane. Marudio hayo ni ya lazima, kwa kuwa mnyama asiyepigwa picha huenda alipita nyuma ya kamera.

Idadi kamili ni suala gumu zaidi. Chui hutambulika mmoja mmoja kwa madoa yake, na kwa kuwa madoa ya ubavu wa kulia si yale ya kushoto, kamera mbili huelekezana pande zote za njia. Minde, paa adimu anayepatikana Tanzania pekee, hana alama kama hizo. Picha zake kumi zaweza kuwa za minde mmoja, na ripoti inayozihesabu kuwa minde kumi huipotosha hifadhi inayoitegemea kupanga ulinzi wake.