Mnada Baada ya Misa: Mlango wa Asiye na Mshahara

Parokia ikitafuta fedha za madawati ya shule, wengi wetu huwaza kwanza kadi za ahadi. Kadi husaidia, lakini humtisha asiye na kipato cha mwezi. Mnada humfungulia mlango.

Hufanyika hivi: wakati wa matoleo, mwamini huleta alichonacho, awe jogoo, mkungu wa ndizi au mayai matano. Baada ya Misa, mwendesha mnada hutaja bei ya kuanzia na watu hushindana kuipandisha. Mara nyingi mnunuzi hulipa, kisha hukirudisha kitu kiuzwe tena. Hivyo jogoo mmoja huweza kuingiza fedha mara mbili au tatu.

Sisi mafrateri tunaotumwa kusaidia minada hiyo tuzingatie mambo matatu. Bei ya kuanzia iwe ndogo. Fedha zihesabiwe na watu wasiopungua wawili na kuandikwa papo hapo. Jumapili inayofuata, waamini watangaziwe kilichopatikana na matumizi yake.

Zaidi ya hayo, mayai matano yasinadiwe kwa kicheko. Yesu alimwona mjane aliyetoa senti mbili (Mk 12:41-44). Tukimcheka mwenye mayai, tutapata madawati na kumpoteza ndugu.