Ukibadili fomu ya oda, usiitume kwa wote siku hiyohiyo

Wakuu, mimi nauza vitenge mtandaoni hapa Tunduma. Wateja wa Nakonde walinisumbua, nikaongeza bei za kwacha kwenye fomu yangu ya oda. Nikajaribu kwacha, ikakubali, nikatupia linki kwenye magrupu yote. Kumbe nimeharibu upande wa shilingi! Mtu akiagiza vitenge vitatu, fomu inamsomea bei ya kimoja. Tisa walishalipia kabla sijashtuka. Wanne wakaongezea, waliobaki nikawapa hivyohivyo.

Watengeneza programu wakigusa kipya, wanajaribu na vya zamani. Kisha wanaachia kwa wachache kwanza, na toleo la zamani wanalitunza ili mambo yakigoma warudi huko. Hata wakubwa huteleza: Julai 19, 2024 sasisho moja la CrowdStrike, lililotumwa kwa wote kwa mpigo, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5.

Siku hizi nikibadili fomu naweka kwanza oda za uongo: ya shilingi, ya kwacha, na moja kwa kisimu cha mdogo wangu chenye kioo kilichopasuka (huko ndiko kitufe cha kutuma kilipotea juzi). Halafu natumia wateja watano wa Vwawa na Nakonde, nasubiri siku mbili. Linki ya zamani sijaifuta.