Maradhi ya Shina la Waridi na Hesabu ya Mkulima wa Naivasha

Wakulima wa Naivasha wanaouza mawaridi yao ng'ambo wana adui ambaye aghalabu hawamwoni mpaka mali imekwisha kutoka mikononi mwao, naye ni ule ukungu wa kijivu ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Wengi huutambua kwa mabaka yake juu ya petali, ilhali hasara iliyo kubwa zaidi huanzia shinani. Kila ua likatwapo, mti huachiwa jeraha. Na mkataji akiacha kisiki kirefu juu ya jicho, kisiki hicho hukauka, ukungu ukafanya maskani humo, kisha ukateremka polepole huku gome likigeuka rangi ya hudhurungi, hata tawi zima likafa pamoja na maua yote ambayo lingalizaa baadaye.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huufanya mvuke wa mchana kuwa matone chini ya plastiki ya mabanda, yakadondokea mimea. Ukungu hauhitaji zaidi ya unyevu huo kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mkulima mwenye busara hupitisha hewa bandani mapema, humwagilia penye mizizi wala si juu ya majani, hutaka mkasi usafishwe kwa dawa na ukate mshazari kama nusu sentimita juu ya jicho, na masalio yote yatolewe bandani siku ile ile.

Dawa zipo, lakini ukungu huzizoea upesi ikiwa aina moja hupigwa mfululizo. Fauka ya hayo, dawa si milki ya milele: methili bromidi, iliyokuwa ikifukiza udongo dhidi ya fusari, ukungu mwingine unyaushao maua ya kanesheni, ilipigwa marufuku kwa matumizi hayo katika nchi zinazoendelea ifikapo 2015, kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Wakulima wakageukia mvuke wa moto, vitalu visivyo vya udongo, na mbegu zistahimilizo maradhi.

Sasa wako wanaosafirisha maua kwa meli kutoka Mombasa, kwa nauli iliyo nafuu kuliko ya ndege, lakini kwa safari ya karibu mwezi mzima. Na ukungu huu hukua, ijapokuwa taratibu, hata katika baridi ikaribiayo sufuri. Ua lililobeba maradhi yasiyoonekana huweza kufika salama kwa ndege, na likaoza melini. Basi nafuu ya nauli haitapatikana ila kwa shina safi, na shina safi hutoka mkononi mwa mkataji. Kumlipa kwa wingi wa maua peke yake ni kumhimiza aharakishe. Inapasa ujira wake uhesabu pia ubora wa mkato, kwani hapo ndipo rasilimali ya shamba inapolindwa.